Maziwa ya Pipa Moja

Nyinyi wasichana wa kikundi cha maziwa mmenifuata mara tatu sasa, mkitaka niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifukiza madumu. Mara ya kwanza nilisema magoti yananiuma. Mara ya pili nilisema miwani imepotea, na miwani ilikuwa usoni. Leo nimekaa kuandika, lakini nawaonya mapema kwamba siwezi kuwaeleza moshi peke yake. Moshi wenyewe unaelezeka kwa nusu ukurasa. Yaliyobaki ndiyo yaliyonichosha, na hayo hamjaniuliza.

Haya, moshi kwanza. Dumu lioshwe kwa maji ya moto na mchanga kidogo, kisha likaushwe juani mdomo ukitazama chini. Likiwa na unyevu usilifukize, utakuwa unapika uvundo. Kuni ziwe za mgunga, zilizokaukia mtini, si zile zilizolala chini zikaliwa na mchwa. Unawasha kijiti, unakipuliza mwali uzime, na kikibaki na kaa jekundu unakitia dumuni, unaziba mdomo kwa kitambaa na kuhesabu pumzi zako. Dumu la plastiki halitaki zaidi ya pumzi tano. Mimi wiki yangu ya kwanza nilihesabu huku napiga gumzo, nikatoboa dumu jipya la Eedo Dahabo. Alilitundika juu ya mahali nilipokaa, likaning'inia hapo mwezi mzima, na kila mteja aliyeuliza alielezwa habari yake kwa urefu.

Eedo maana yake shangazi. Dahabo hakuwa shangazi yangu wa damu, tulimwita hivyo kwa kuwa ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyetufundisha kazi. Tulikuwa wanawake saba, tumekaa mstari mmoja pembeni ya soko la mjini Garissa, tukingoja lori lililoleta maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji wa upande wa Balambala na kuwarudishia madumu matupu tuliyokwisha kuyafukiza. Lilifika saa nne, siku nyingine saa sita, siku nyingine halikufika kabisa na tukarudi nyumbani na mavumbi yetu. Kila dumu lilifungwa kitambaa shingoni, changu kilikuwa cha kijani, ili ijulikane ni la mama yupi wa porini aliyekamua na ni nani mjini atakayeuza. Dahabo alifungua moja moja, akanusa, akaonja, akatema. Akiwa na shaka alichovya kijiti cha kiberiti kwenye maziwa kisha akajaribu kukiwasha. Kikigoma, maziwa yametiwa maji. Nyinyi siku hizi mna kipimo cha kioo, na bado mnadanganywa.

Sasa shikeni jambo moja. Maziwa ya watu wawili hayakuchanganywa. Kila mama aliuza ya dumu lake, na mteja alikuwa na mama yake kama alivyokuwa na fundi wake wa nguo. Alitaka kujua anakunywa yaliyopitia mkono wa nani. Hatukuona ubaya wowote katika hilo mpaka alipokuja Fatuma.

Ilikuwa miaka ya tisini, na vita vya Somalia vilikuwa vimejaza kambi za Dadaab. Fatuma alitoka Ifo, mojawapo ya kambi hizo. Kwao hasa ni bonde la mto Juba, kwa Wazigua, wakulima weusi kuliko sisi na wenye nywele ngumu, ambao mababu zao walipelekwa kule zamani wakiwa watumwa. Utumwa uliisha, jina likabaki. Kwa lugha yetu sisi Wasomali ni adoon, mtumwa. Nililijua neno hilo kabla sijajua kusoma, na nyumbani kwetu halikuhesabiwa kuwa tusi. Lilisemwa tu, wakati wa chakula, mtu akitaja watu wa aina hiyo. Naona aibu kuliandika, lakini nimeshaliandika.

Tena sisi tulijua vizuri utamu wa kuitwa majina. Tukisafiri kwenda Nairobi, sisi wenye sura hizi tulishushwa peke yetu kwenye basi na kuulizwa ni Wakenya wa wapi, huku wenzetu wamekaa ndani wakila ndizi. Tulirudi Garissa tumejaa hasira, tukashuka, tukamkuta Fatuma, tukamwita adoon.

Alikuja mjini kwa sababu ya mama yake. Mama alikuwa akikohoa damu, na hospitali ilimwanzishia dawa za kifua kikuu za miezi minane, ikasema zisikatike. Fatuma alipewa karatasi ya ruhusa ya kumtunza mgonjwa. Karatasi hailiwi, kwa hiyo ilimbidi apate kazi, maana bila kazi wangerudi kambini na dawa zingeishia njiani. Alikodi chumba kimoja mtaa wa Galbet, akaja kwenye mstari wetu kuuliza kama tuna kazi. Dahabo akampa ya kuosha na kufukiza madumu yetu yote.

Nimefanya biashara hii zaidi ya miaka thelathini na sijaona mkono kama ule. Maziwa ya ngamia yaliyotiwa kwenye dumu lililofukizwa na Fatuma yalifika jioni ya siku ya pili hayajabadilika. Wateja walitusifu sisi saba. Hakuna aliyeuliza nani amefukiza, na hakuna kati yetu aliyejisumbua kuwaambia.

Kisha mama mmoja wa porini, ambaye muuzaji wake alikuwa amehamia Nairobi, akakubali kumtumia Fatuma maziwa auze. Fatuma alifunga madumu yake kitambaa chekundu, akakaa mwisho wa mstari. Wateja walimpita. Wengine walimkaribia, wakamwona usoni, wakageuka kama waliosahau kitu. Haji Bare, mwenye hoteli kubwa ya chai pale sokoni, alisema kwa sauti kwamba hawezi kuwanywesha watu chai ya maziwa ya adoon. Wakati anasema hayo mimi nilikuwa namjazia dumu lake. Niliendelea kujaza. Siku ya tatu jioni Fatuma alibeba maziwa yake yaleyale kurudi nyumbani yakiwa yameshakuwa susa, yaani yamechacha, na mimi nikajua kwamba mama wa porini hatavumilia wiki mbili za namna hiyo.

Nikabuni ujanja. Kila lori lilipofika nilikwenda naye nyuma ya kibanda kimoja, nikanunua maziwa yake na kuyamimina kwenye madumu yangu ya kitambaa cha kijani. Haji Bare aliyaonja, akafumba macho kidogo, akasema haya ndiyo maziwa. Nilijiona mtu mwema sana. Nililala vizuri wiki tatu nzima.

Wiki ya nne, niliposhika dumu lake ili nimimine, Fatuma alifunika mdomo wa dumu kwa kiganja chake. Sisi wawili tulizungumza Kiswahili, kilikuwa karibu zaidi na lugha ya kwao kuliko Kisomali, na alikisema polepole.

"Abaayo Ambia," akasema, akiniita dada, "nashukuru, mama anakula. Lakini wewe kila siku unawaonyesha kwamba maziwa mazuri ni yako na yangu ni ya kumwaga. Mimi nataka kuyauza mwenyewe. Nimekaa hapo, wananiona."

Nilikasirika. Nilikwenda moja kwa moja kwa Eedo Dahabo kumshtaki mtu asiye na shukrani, nikitumaini atafukuzwa au angalau atakaripiwa. Dahabo akaniuliza kama kweli Haji Bare amekunywa maziwa ya Fatuma kwa wiki tatu. Nikasema amekunywa, na kusifu amesifu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu kicheko kikakatika, akaketi akikuna kisigino chake.

"Basi ulimi wake haujui," akasema mwishoni. "Ni sisi tunaomwambia."

Siku iliyofuata alileta pipa la buluu, la plastiki, lililowahi kuwa na mafuta ya kupikia. Alitaka maziwa yetu yote yamiminwe humo, ya Fatuma yakiwemo, na yauzwe kwa kata moja. Anayetaka maziwa ya mstari huu atakunywa ya kila mtu au asinywe. Tulibishana siku mbili. Wengine hawakuwa na neno juu ya Fatuma, waliogopa kupoteza jina walilolijenga kwa miaka, na mimi nilikuwa wa kwanza kati yao. Mwenzetu mmoja alichukua madumu yake akavuka barabara na hakurudi tena. Tukabaki sita, na Fatuma wa saba. Fatuma aliliosha lile pipa siku mbili, akalifukiza kwa kaa alilolitia kwenye mkebe wa bati ili plastiki isiungue. Siku ya kwanza Dahabo alimpa yeye kata ateke.

Hatukuuza ila kidogo sana. Nesi mmoja wa kutoka Kitui alikuja kama kawaida yake. Alikuwa na maneno yake juu ya Wasomali, lakini tumbo lake halikuwa na ubaguzi. Dahabo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akamuuliza mbele ya watu: "Haji nasema hii maziwa ni mbaya. Wewe nakunywa siku ngabi? Nakufa?" Nesi akasema hajafa. Hayo ndiyo matangazo ya biashara tuliyokuwa nayo. Maziwa mengine tulikunywa wenyewe, mengine tukawagawia majirani wa Galbet, ambao waliyapokea bila kuuliza kwa kuwa yalikuwa ya bure.

Haji Bare alituma gari lake mwenyewe porini. Likarudi na maziwa kwenye madumu yaliyooshwa kwa sabuni na kufungwa yakiwa na maji, na kufikia adhuhuri chai yake ilikuwa na mabonge. Alivumilia siku tisa. Siku ya kumi mkewe alikuja na dumu, akasimama mbele ya Fatuma, akatekewa, akalipa, akaondoka. Baadaye akaja Haji mwenyewe, akitazama paa la soko muda wote Fatuma anamtekea. Wengine wakamfuata.

Nimeitwa kwenye warsha mara kadhaa kusimulia habari hii, na hapo ndipo wanapopenda niishie. Wanapiga makofi, tunapewa soda na mandazi. Ningekuwa mwongo hodari ningeishia hapo hata leo.

Pipa moja lina hatari yake, na hili ni la kazi, lishikeni. Dumu moja lenye maziwa yaliyoanza kuchacha linaharibu pipa zima. Ndiyo maana tuliweka sharti kwamba hakuna kinachomiminwa kabla Fatuma hajakionja. Ijumaa moja lori lilichelewa sana na wateja walikuwa wamejaa, miongoni mwao watu wa harusi ya Galbet waliotaka maziwa mengi. Madumu yangu mawili ya siku ile hayakuwa yamefukizwa na Fatuma. Nilikuwa na haraka ya kuyapeleka porini, shemeji yangu akayafukiza kwa kuni mbichi, nami yaliporudi na maziwa niliyanusa nikajua hayako sawa. Fatuma aliponyoosha mkono ayaonje nilimwambia nimeshaonja mwenyewe. Sikuwa nimeonja. Nikamimina.

Jioni ile wageni wa harusi walitema maziwa mbele ya bibi harusi.

Asubuhi walikuja wengi. Mama wa bibi harusi, majirani, Haji Bare na dumu lake. Hakuna aliyeuliza ni dumu la nani lililoharibu. Haji Bare akasema tumempa adoon ulimi wa mji mzima, tulitegemea nini, na wengi wakaitikia, hata wenzetu wawili wa pipa. Mama wa bibi harusi alisema Fatuma asionekane tena sokoni. Dahabo akamgeukia Fatuma akamuuliza kama alionja yote.

"Yote niliyopewa kuonja," akasema.

Hakunitazama. Angenitazama pengine ningesema. Alikunja kitambaa alichokalia, akachukua kikombe chake, akaondoka. Mama yake alikuwa amemaliza miezi mitano ya dawa, bado mitatu, na nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale. Nilimwona anapita wauza mkaa, anapita bomba la maji, anakata kona. Niliogopea kitambaa changu cha kijani, niliogopa watu watasema Ambia anauza uchafu. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaswali na sikujua nimesoma nini.

Watu walikuwa bado hawajatawanyika niliporudi. Nikasema ni langu. Nikaeleza kuni mbichi, nikaeleza uongo wangu kwa Fatuma, kila kitu.

Na sasa sikilizeni kilichotokea, kwa sababu hicho ndicho ninachowaandikia. Hakikutokea kitu. Mwenzetu mmoja akasema maziwa ndivyo yalivyo, huchacha. Mama wa bibi harusi akanishika bega akaniambia nisijali, ni bahati mbaya tu. Haji Bare akacheka, akasimulia tena habari ya mabonge ya chai yake, kisha akaagiza niletewe chai kutoka hotelini kwake, maana nilionekana nimechoka. Nilikaa na kile kikombe mikononi. Nimezika mume, nimeona ukame ukimaliza mifugo ya ndugu zangu, lakini sijawahi kuchoka kama saa ile. Pipa ni lilelile na uchachu ni uleule. Asubuhi lilikuwa kosa la watu wa Fatuma wote tangu mababu, mchana lilikuwa bahati mbaya ya Ambia. Na wale watu walikuwa wakarimu kweli, hawakuona kabisa kwamba wamebadilika.

Dahabo aliona. Aliniondolea kikombe mkononi, akasema tunakwenda Galbet. Tulikwenda sote sita.

Fatuma alikuwa anafunga mzigo. Mama yake amekaa juu ya mkeka, mfuko wa dawa mapajani. Nilimwambia nimekiri, na kwamba watu wamenisamehe. Nililisema hilo kama habari njema.

Akauliza walikasirika muda gani. Nikasema hawakukasirika.

Alitikisa kichwa, akaendelea kukaza fundo. "Hicho ndicho ninachotaka mimi," akasema. "Sitaki waniambie maziwa yangu matamu. Nataka siku moja niyaharibu, na yawe ni maziwa tu yameharibika."

Dahabo aliinama, akafungua fundo la ule mzigo kwa mkono wake, akaanza kutoa sufuria moja moja na kuzirudisha mahali pake.

Tangu kesho yake tulizunguka nyumba kwa nyumba. Mimi nilibisha hodi na kusema aliyeharibu maziwa ni mimi. Wenye nyumba wakasema pole Ambia. Hapo Dahabo aliingia kati, akauliza, "Na juzi ulisema nini juu ya Fatuma?" Halafu akangoja. Alijua kungoja yule mama, angeweza kukaa mlangoni mpaka chakula kikaungua jikoni. Wengine walituletea vigoda, wengine walitufungia mlango. Lakini kila siku tuliongezeka. Wauza mkaa walijiunga nasi, kisha mwanamke mmoja muuza chai, kisha yule nesi siku yake ya mapumziko, na kisha, hatukuamini, mke wa Haji Bare. Tulipofika hotelini kwa mumewe yeye ndiye aliyemuuliza lile swali, wateja wakiwa wamejaa. Haji alifuta meza ambayo ilikuwa safi. Aliifuta muda mrefu. Akasema, "Nilisema vibaya," akaingia jikoni. Mkitaka kuifanya kazi hiyo, nendeni asubuhi watu wakiwa wameshakunywa chai, msiende peke yenu, na msipokee pole kabla hamjapata jibu. Miguu yangu ilivimba wiki mbili.

Msidhani mji ulipona. Mama yake Fatuma alimaliza dawa akapona yeye, Fatuma akabaki nasi, lakini lile neno lipo. Nimelisikia mwezi uliopita likisemwa kwenye simu, na mmoja wenu alicheka. Namjua. Nimezeeka sana kuzunguka milango tena, kwa hiyo namwandikia hapa.

Mwaka uliofuata ule wa harusi, kiangazi, pipa lilichacha tena, zima. Tulifika asubuhi tukakuta wateja wanatungoja. Haji Bare alifunua mfuniko, akanusa, akauliza nani alionja jana.

"Mimi," akasema Fatuma. "Nina mafua."

Haji alimtazama. Akauliza mwenye mafua anaonja kitu gani, pua imeziba, si angempa mwingine. Akasema kesho anataka aongezewe kata moja kufidia hasara yake, akachukua dumu tupu akaenda zake akinung'unika. Waliobaki walinung'unika vilevile, kuhusu chai yao na watoto wao, wakaondoka mmoja mmoja. Dahabo ndiye ambaye hakuondoka. Alimgombeza Fatuma kwa ujinga wa kuonja na mafua, kwa uzembe, kwa mambo ya mwezi uliopita, akapumua, akaanza upya.

Fatuma alikuwa amekaa juu ya dumu lililopinduliwa, amejifunika uso kwa shungi, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Nikasogea, nikamshika mkono nimtoe pale.

"Niache, abaayo," akasema. "Nasikiliza."